Kabla Hujanunua Weji, Panda Salaita Kwanza

Wadau, leo ni historia. Najua kuna wenye wakiona neno hilo wanapitisha kidole haraka, lakini hii inahusu pesa, kwa hivyo tulia kidogo. Nataka kuongea juu ya mapengo mawili. La kwanza liko hapa kwetu Taita Taveta, ule upenyo kati ya Kilimanjaro na milima ya Pare ambapo barabara ya kutoka Voi inapita kuingia Tanzania. La pili liko ndani ya begi la gofu, kati ya fimbo moja na nyingine. La kwanza lilikula watu mwaka 1916. La pili linakula chapaa za vijana sasa hivi, na nusura limle binamu yangu.

Binamu yangu ni wa Taveta lakini yuko Mombasa, kazi yake ni kedi. Kedi, kwa wale hawajawahi kukanyaga uwanja wa gofu, ni yule anayebeba begi la mchezaji, anatafuta mpira ukipotelea majanini, na anamnong'oneza tajiri wake, "hapa ni yadi mia na kumi, chukua hii." Siku ambazo uwanja hauna wenyewe, makedi nao hupata nafasi ya kupiga. Huyu dogo amekuwa mkali. Ana seti yake ya mtumba, na tangu Disemba amekuwa akiweka pesa pembeni anunue fimbo moja mpya, ya kwanza maishani mwake ambayo haijawahi kushikwa na mtu mwingine. Swali alilonitumia lilikuwa fupi: "Brathe, weji ya pengo nichukue digrii 50 ama 52?"

(Nikisema klabu namaanisha pale watu wanalipia uanachama na kunywa chai. Kifaa chenyewe nitakiita fimbo, ili tusichanganyane.)

Alikuwa ameshauliza kwenye grupu lao pia, na akanitumia majibu. Kila mtu anataja kampuni anayoipenda. Mmoja anasema 50, mwingine anasema 52 bila kufikiria, mwingine anasema nunua zote mbili, ati kwani pesa ni nini. Hakuna hata mmoja aliyemuuliza pengo lenyewe liko wapi. Ndio nikakumbuka Salaita.

Kama umewahi kupanda matatu ya Voi kwenda Taveta, umepita hapo. Ukishaiacha Mwatate, ukapita Bura, Maktau na Mbuyuni, nchi inafunguka, inakuwa tambarare ya vichaka na vumbi jekundu. Halafu kabla hujafika Taveta kinatokea kilima kidogo, kimekaa peke yake kama mzigo uliodondoka kwenye lori. Si kirefu. Kuna watu wanapita hapo kila wiki na hawajawahi kuuliza jina lake. Lakini ukikaa juu yake unaona kila kitu: Kilimanjaro siku ambayo haijajifunika, milima ya Pare, na ule upenyo katikati. Na yeyote anayekuja kutoka Voi, unamwona akiwa bado mbali sana.

Wajerumani walilijua hilo. Agosti 1914, vita vilipoanza tu, walivuka mpaka wakaichukua Taveta, na Salaita ikawa kituo chao cha mbele. Waingereza nao wakaanza kujenga reli kutoka Voi kuelekea huko. Ile reli ya Voi hadi Taveta, ambayo leo sehemu kubwa imemezwa na nyasi, mwanzo wake haukuwa mkonge wala abiria. Ilijengwa kupeleka vita: maji, chakula, mizinga na wanajeshi, hatua kwa hatua, Maktau, Mbuyuni, mbele zaidi.

Tarehe 12 Februari 1916 wakaamua kukichukua kilima. Aliyeongoza ni Jenerali Wilfrid Malleson, na mbele aliwapanga wanajeshi wa Afrika Kusini ambao walikuwa wameshuka meli juzi juzi tu na hawakuwa wamezoea vita vya vichakani. Mizinga ikaanza kupiga kilele. Inaeleweka; ukiangalia kilima kutoka mbali, akili inakuambia adui yuko juu. Kumbe mahandaki ya Wajerumani yalikuwa chini, miguuni mwa kilima, yamefichwa na miiba. Kule juu palitwangwa vilivyo, huku chini watu wamekaa na bunduki zao wakingoja.

Wanajeshi walipokaribia wakakutana na risasi za bunduki na bombomu kutoka mahali ambapo hapakuwa na mtu, kwa hesabu zao. Halafu Wajerumani na askari wao wakatoka kuwashambulia. Waafrika Kusini wakarudi nyuma, na kurudi huko hakukuwa kwa mpangilio. Zaidi ya 130 kati yao waliuawa, walijeruhiwa au walipotea siku hiyo. Waliosimama imara na kuzuia mambo yasiharibike zaidi walikuwa wanajeshi wa Kihindi wa kikosi cha 130 cha Baluchi, watu ambao Waafrika Kusini walikuwa wakiwadharau kambini na kuwaita majina. Kisa kinachosimuliwa mpaka leo ni kwamba Wabaluchi waliokota bombomu iliyoachwa uwanjani, wakairudisha kwa wenyewe na ujumbe wa adabu sana, kwamba kuanzia leo yale majina myaache. Mimi hicho kisa nakipenda kuliko vita vyenyewe.

Kama wiki nne baadaye, chini ya Jenerali Smuts, jeshi likazunguka upande wa kaskazini kupitia karibu na Ziwa Chala. Tarehe 9 Machi Salaita ikachukuliwa bila mapigano. Wajerumani walikuwa wameshaondoka, kwa sababu kukaa hapo kulikuwa hakuna maana tena. Kilima kilekile, na kilimani hapakuwa na mtu wa kupigana naye.

Sasa niambie Malleson alikosa nini. Mizinga alikuwa nayo. Watu alikuwa nao, maelfu, kuwazidi wale wa upande wa pili mara kadhaa. Alipiga kwa nguvu mahali ambapo tatizo halikuwepo.

Na hapa ndipo gofu inaingia, kwa sababu mzinga na fimbo ya gofu ni ndugu. Kuna mzinga unaotupa kombora chini-chini, likaenda mbali kwa mstari uliolala. Kuna mwingine unainua mdomo juu, kombora likapaa na kuanguka karibu wima, nyuma ya ukuta au ndani ya handaki. Begi la gofu limepangwa kwa mantiki hiyo hiyo. Uso wa kila fimbo umelalia nyuma kwa kiasi chake, na ule mwinamo unapimwa kwa digrii. Draiva ina kama digrii 10, mpira unaenda mbali. Chuma namba 7 iko karibu 30. Weji ndizo zilizolala zaidi, kuanzia 44 hivi mpaka 60, mpira unapaa juu, unaenda karibu, unaanguka na kutulia. Kila fimbo inapaswa kuwa na umbali wake. Pale ambapo kuna umbali usio na fimbo, hilo ndilo pengo.

Mwaka ule wa Salaita hakuna mtu duniani aliyekuwa na weji kama tunazozijua. Gofu yenyewe ilikuwa imeshafika Kenya: klabu ambayo baadaye iliitwa Royal Nairobi ilianza 1906, miaka saba tu baada ya reli kufika Nairobi, na ile ya Mombasa, iliyokaa juu ya miamba ya bahari, ilianza 1911. Mkoloni akifika mahali alikuwa anajenga boma, jela na uwanja wa gofu, sijui kwa mpangilio gani. Fimbo zilikuwa na mipini ya mti na badala ya namba zilikuwa na majina: mashie, niblick, majina kama ya paka wa katuni. Niblick ndiyo iliyolala zaidi, na ilikuwa inafanya kazi zote za shida.

Aliyebadilisha mambo ni Mmarekani anaitwa Gene Sarazen. Tatizo lake lilikuwa mchanga. Niblick ilikuwa na ukingo mwembamba, ukipiga mchangani inazama kama jembe. Mwenyewe alisimulia kwamba wazo lilimjia akiwa kwenye ndege, akaona vile mkia wa ndege ukishuka, pua inapanda. Akachukua niblick, akaichomelea risasi chini, ile risasi ya madini, mpaka soli ikawa nene na imeshuka nyuma kuliko mbele. Sasa fimbo ikigonga mchanga inateleza na kuinuka badala ya kuchimba. Mwaka 1932 akaenda nayo kwenye Mashindano ya Wazi ya Uingereza, uwanja wa Prince's, na inasemekana alikuwa anaificha kichwa chini ndani ya begi ili wakubwa wasije wakaipiga marufuku kabla hajaitumia. Akashinda. Hiyo ndiyo weji ya mchanga, yenye herufi S chini yake. Shika hiyo S, tutairudia.

Miaka michache baadaye ikaja sheria ambayo ndiyo mama wa maswali yote ya "ninunue ipi." Zamani ulikuwa unabeba fimbo kadiri unavyotaka. Bingwa mmoja wa Marekani, Lawson Little, alikuwa anaingia uwanjani na zaidi ya 20. Yeye anaingia, lakini begi liko begani mwa nani? Mnajua jibu. Mwaka 1938 Wamarekani wakaweka kikomo cha fimbo 14, na 1939 Waingereza wakafuata. Tangu hapo ukiongeza fimbo moja lazima uitoe nyingine, kwa hivyo kila pengo unaloziba unafungua jingine mahali.

Haya, sasa hapa ndipo nataka msikilize vizuri, kwa sababu hapa ndipo watu wanaliwa.

Miaka ya 1970, fimbo yenye herufi P, weji ya kawaida inayokuja na seti, ilikuwa na digrii 50 au karibu na hapo. Ile S ilikuwa 55 au 56. Tofauti ni digrii 5 au 6, ambayo kwa mchezaji wa kawaida ni kama yadi 10 hadi 15. Hakukuwa na pengo la kutisha. Hakuna aliyekuwa anauza weji ya pengo kwa sababu hakukuwa na mteja wa kuinunua.

Halafu kampuni zikagundua kitu kuhusu binadamu. Mtu akiingia dukani, anapewa chuma namba 7 ya kampuni hii na namba 7 ya kampuni ile, anapiga, na anaondoka na ile iliyoenda mbali. Basi wakaanza kuzisimamisha fimbo. Namba inabaki 7, lakini mwinamo unapungua: 36, 34, 32, leo seti nyingi za watu wa kawaida ziko 30 au chini ya hapo. Yaani unashika fimbo ambayo babu yako angeiita namba 5, unajiona umekuwa Hercules. Siwezi kusema ni wizi mtupu. Wahandisi walifaulu kushusha uzito chini ya fimbo, na uzito ukiwa chini mpira unapaa juu zaidi, kwa hivyo ilibidi mwinamo upungue kidogo ili mpira usiende mbinguni. Lakini kidogo ni kidogo. Zilizobaki ni biashara.

P nayo ikafuata wenzake. Kutoka 50 ikaja 48, 46, leo 44 au hata pungufu ya hapo. Sasa S haikuweza kufuata. Mchanga haujali biashara. Ukitaka kutoka kwenye mchanga unahitaji zile digrii 56 na soli ya Sarazen, jana na leo. Kwa hivyo P inakimbia mbele, S imebaki nyuma, na katikati pamebaki digrii 12. Kwa yadi hiyo inaweza kuwa 25 au 30. Mpira ukikaa hapo katikati huna fimbo. Na walewale waliosukuma P wakaja na suluhisho: weji mpya, imeandikwa A, au G, au U, au namba tu, 50 ama 52. Wamechimba shimo wenyewe, sasa wanakuuzia kifusi.

Kisha, kwa kuwa mlango ulikuwa umefunguka, ikaja na ya nne. Dave Pelz, mwanafizikia aliyewahi kufanya kazi NASA, alihesabu kwamba mapigo ya karibu ndiyo yanayoamua mchezo, akawashawishi wachezaji wabebe weji ya digrii 60. Tom Kite akawa wa mwanzo kumsikiliza na mwaka 1981 akaongoza kwa pesa za mashindano Marekani. Huyo alikuwa na sababu, alikuwa amepima. Siku hizi kijana anabeba weji nne kwa sababu ameona begi la bingwa kwenye simu.

Turudi kwa binamu. Seti yake ni ya mtumba, ya zamani, labda imezidi umri wake. P yake haijaandikwa digrii popote. Ikiwa ni ya zile enzi za 50, akinunua weji mpya ya 50 atakuwa na pacha wawili ndani ya begi, mmoja mzee, mmoja anang'aa, wanapiga umbali uleule. Hayo ndiyo majibu aliyokuwa akipewa kwenye grupu. Wote walikuwa wanapiga kilele.

Kuna watu nimewaruka kule Salaita, na siwezi kuendelea bila wao. Vitabu vingi vinakupa majina ya majenerali. Lakini ile tambarare kati ya Voi na Taveta haikuvukwa na majenerali peke yao. Ilivukwa na wapagazi. Mahali ambapo reli haijafika na wanyama wanakufa kwa ndorobo, mzigo unapanda kichwani mwa mtu. Waingereza waliwakusanya Waafrika kwa mamia ya maelfu, wengi kwa nguvu, na makumi ya maelfu walikufa, zaidi kwa magonjwa na njaa kuliko kwa risasi. Kikosi chao kiliitwa Carrier Corps, na ulimi wetu ukakigeuza: Kariakor ya Nairobi, Kariakoo ya Dar. Unapanda matatu ya Kariakor kila siku na hiyo ni makumbusho yao, bila hata jiwe. Ukitaka kuona sura zao angalia zile sanamu za shaba Kenyatta Avenue, zimesimama hapo tangu 1928. Mmoja kati ya wale watatu ni mbeba mizigo.

Vita viliisha, viwanja vya gofu vikaongezeka, na kwa muda wote wa ukoloni Mwafrika aliingia humo hasa akiwa na mzigo wa mtu mwingine begani. Kazi ilikuwa kubeba na kunyamaza. Lakini mtu hawezi kubeba begi miaka kumi bila kujifunza. Kedi anajua kutoka ule mti hadi grini ni yadi ngapi, anajua upepo wa saa nne na wa saa tisa, anajua tajiri wake anasema anapiga 150 lakini anapiga 130. Wachezaji wengi wa kulipwa wa Kenya walitokea hapo. Huo ndio ujuzi wa kupima, na aliye nao ni binamu yangu, si yule msee wa grupu mwenye weji nne.

Tena historia ya gofu yetu ina shahidi mkubwa wa hili. Mashindano ya Kenya Open yalianza 1967, na mwaka 1978 yalishindwa na kijana wa Kihispania, Seve Ballesteros. Huyu hakukua na begi la fimbo 14. Alikua Pedreña, kijiji cha baharini, akawa kedi, na alijifunza mchezo ufukweni kwa fimbo moja tu, chuma namba 3. Fimbo moja kwa kila umbali! Karibu, mbali, mchangani, chini ya mti, anaufungua uso, anaufunga, anashika mpini chini zaidi, anapunguza mkono. Mtu aliyekulia hivyo akipewa weji moja ana tano. Makedi wetu wamekua vilevile, fimbo moja ya kuokota na mipira iliyopotezwa na wenyewe. Mwaka 1998 Jacob Okello alifika mpaka mchujo wa mwisho wa Kenya Open, akazidiwa hapo na Ricardo González wa Argentina. Hakuna Mkenya aliyewahi kusogea karibu vile bila kujua yadi zake kwa moyo.

Basi nilichomwambia binamu ni hiki. Usinunue chochote wiki hii. Nenda na mipira kumi kwa kila fimbo, siyo mipira ya ajabu, ile unayoichezea. Piga, tembea, hesabu hatua. Toa ule ulioenda mbali zaidi na ule uliochutama, waliobaki tafuta wastani. Andika. Kisha mtafute fundi wa duka la fimbo mwenye kile kifaa cha kupima mwinamo, akuambie P yako ni digrii ngapi kweli. Fundi mzuri anaweza hata kuikunja fimbo ya chuma laini digrii moja au mbili, ukapata ile 51 isiyouzwa dukani. Ila ujue akiisimamisha digrii moja, soli nayo inapoteza digrii moja ya ule mwinuko wa Sarazen.

Soli hiyo ndiyo kitu cha pili ambacho watu wanasahau, na kwetu ni muhimu kuliko digrii zenyewe. Weji yenye soli iliyoshuka sana, 12 au 14, imetengenezewa mchanga mlaini na nyasi zilizoshiba maji. Ipeleke kwenye ardhi ya Voi mwezi wa Februari, udongo mwekundu umekauka kama sahani. Inagonga chini, inadunda, ukingo unaupiga mpira kifuani, na mpira unaruka chini-chini mpaka kwa jirani. Kwenye ardhi ngumu unataka soli ndogo, 6 au 8 hivi. Wanaokuuzia kutoka video za Marekani wanacheza kwenye zulia. Zamani viwanja vingi vya mashambani Afrika Mashariki havikuwa hata na grini za nyasi. Vilikuwa na mchanga uliochanganywa na oili chafu, watu wanaviita brauni, na mpira ukiangukia hapo una tabia zake tofauti kabisa.

Halafu kuna urefu kutoka baharini. Nairobi iko juu, hewa nyepesi, mpira unaenda mbali zaidi kwa kama asilimia 6 kuliko Mombasa. Kwa hivyo mtu wa Nairobi akikuambia "weji yangu ya 50 inakwenda yadi 117," kwa mtu wa Mombasa hiyo ni 110. Namba za mtu mwingine ni nguo za mtu mwingine.

Alipima. Ilimchukua asubuhi mbili na jirani mmoja wa kushika daftari. Fundi akasema P yake ni digrii 49. S yake ni 55. Kwa hatua, P inakwenda 121 na S inakwenda 106. Yadi 15, na kwa mikono yake hiyo anaiziba akishika mpini chini kidogo. Pale ambapo grupu zima lilikuwa linamwambia amwage pesa, hapakuwa na kitu. Lakini aliposhuka kwenye daftari hadi fimbo ndefu, kati ya chuma namba 4 na ile mbao namba 3 aliyopewa na mzee mmoja, kulikuwa na yadi 38. Thelathini na nane! Miaka yote amekuwa akifika hapo anapiga nusu kwa imani.

Safari hii adui alikuwa kileleni kweli.

Pesa yake bado iko. Swali jipya ni mbao namba 5 ama namba 7, na hapo ninaegemea 7, kwa sababu inapaa zaidi na upepo wa bahari anaujua. Kama kuna mtu ana moja imelala ndani ya nyumba, Voi, Mwatate, Taveta au Mombasa, anitafute. Awe ameipima digrii.